Aproni Juu ya Msumari

2 Februari

Shangazi yangu kipenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na kile kikohozi kimekuaga. Sisi huku ni wazima, tena wazima wa kupitiliza. Furaha ingekuwa homa, tungekuwa tumeshalazwa sote wawili.

Leo ni siku ya kumi na sita tangu nivae shela, na bado nikiamka namtazama mume wangu kama mtu aliyeokota kitu cha thamani barabarani, anaogopa mwenyewe asije akatokea kukidai. Mimi namwita Chanda, yeye ananiita Pete. Cheka tu, najua unacheka. Anakwenda kiwandani kwao kukanda unga wa mikate, na mchana nampelekea chakula, napita mlango wa nyuma ulioko karibu na chumba chao. Akinusa tu anajua nimefika. Anasema nanukia kuliko mkate unaotoka jikoni! Shangazi, hivi uliwahi kuambiwa maneno kama haya?

Unakumbuka wiki moja kabla ya harusi walimfanya mkuu wa chumba cha kukandia. Aliyekitaka cheo hicho ni mwenzake wa miaka mingi, yule mrefu aliyekaa meza ya pili kwenye sherehe, wanamwita Mluzi kwa sababu hupiga mluzi kutwa nzima kama chiriku. Hakununa. Ndiye aliyesimama harusini na gilasi mkononi akasema, "Shemeji, mfaidi huyu mapema, maana ile mashine yetu ina wivu kuliko mke mwenza." Nilicheka mpaka wanja ukanichuruzika.

Kitu kimoja tu kinanikera, nacho ni aproni yake. Unga umeikaukia mpaka ukiiweka chini inasimama yenyewe kama askari. Nikimwambia ailete niifue, anajibu, "Ile haitoki kiwandani, Pete wangu. Ile ina kazi yake." Wanaume! Aproni ina kazi gani zaidi ya kuchafuka? Siku moja nitaiiba, niifue, niipige pasi, niitarizi moyo mwekundu kifuani, halafu nione kama hatanibeba mabegani.

Mwanao,
bibi harusi

---

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba mia. Kikohozi kimeondoka. Goti limebaki, nimelizoea kama mgeni asiyejua kuaga.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimelazimika kunywa maji, maana ina sukari nyingi kwa umri wangu. Uliuliza kama niliwahi kuambiwa nanukia kuliko mkate. Mjomba wako, Mungu amrehemu, aliwahi kuniambia nanuka vitunguu, na alikuwa anasifu.

Vidole vyangu tisa vinakusalimu. Kile cha kumi unajua kilivyobaki kwenye mashine ya kusokota nyuzi, na unajua nani aliiwasha. Miaka ishirini na sita sijaitikia salamu yake, na tukikutana mbinguni nitaomba nihamishiwe upande mwingine.

Kwa hiyo nakwambia kama mtu anayejua viwanda: huyo Mluzi mwangalie. Mtu aliyerukwa cheo akikuchekea sana, hesabu meno yake.

Msalimie mkwe wangu.

Ni mimi shangazi yako,
mwenye goti

---

18 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Goti je? Nauliza kwa sababu ulinifundisha kuuliza, lakini mimi mwenyewe sina hali ya kukuambia.

Mume wangu yuko hospitali. Ile mashine imemkamata mkono.

Alhamisi nilikwenda na chakula kama kawaida. Niliona miguu yake tu, upande wa pili wa mashine, kiwiliwili chote amekiinamisha ndani ya lile beseni la chuma akikwangua unga uliogandamana. Sikutaka kumshtua. Nikakiacha chakula juu ya magunia, nikaitungua aproni yake ukutani, nikaikunja ndani ya kikapu na kutoka kwa kunyata huku nacheka peke yangu. Nilikuwa kwenye maji ya pili, povu limenifika viwikoni, nilipomwona mama wa nyumba ya jirani anakuja mbio bila viatu.

Mluzi ndiye aliyewasha. Alitoka kwenye matanuri, akaingia, akabonyeza swichi. Mume wangu alikuwa ndani! Mkono wa kushoto, Shangazi. Mkono wa pete.

Msimamizi wa kiwanda alipomuuliza kwa nini, unajua alijibu nini? "Msumari ulikuwa mtupu." Hilo tu, na akalirudia mara tatu. Mume wangu anachuruzika damu, yeye anazungumzia misumari. Kwani sisi ni mafundi seremala?

Sasa ndiyo nimeuelewa ule mzaha wa harusini. Mashine ina wivu! Mwenye wivu alikuwa amesimama mbele yetu na gilasi ya soda yetu wenyewe mkononi. Nataka afukuzwe kazi. Nataka afungwe. Nataka ule mluzi umkauke kooni, kila akikaza midomo utoke upepo mtupu. Mimi niliyekuwa siwezi kuua hata mende, sasa nikikaa kwenye benchi la hospitali nampangia adhabu moja moja kama mtu anayepanga vyombo kabatini.

Nishauri. Wewe unajua mambo haya.

Mwanao

---

25 Februari

Mwanangu,

Pole. Nilipofika kwenye neno "mkono" nilikaa chini hapo hapo mlangoni, na kile kidole nisichokuwa nacho kikaanza kuniuma.

Sasa sikiliza. Lia siku moja, kisha uoshe uso. Adui haonyeshwi kope zilizovimba. Kama kuna kikao kitaitishwa, nenda, na uvae lile gauni la kuposwa, wakuone ulivyokuwa na walivyokufanya. Usipige kelele. Anayepiga kelele huambiwa atolewe nje akapumzike.

Mimi yule wangu nilimfukuzisha kazi kwa siku nne. Nilikwenda kwa meneja, nikafungua bandeji, nikaweka kiganja changu juu ya meza yake, juu ya karatasi zake, nikamwambia: hesabu. Sikuongeza neno. Mchana ule yule mwanamke alikuwa nje ya geti na mfuko wake.

Fanya hivyo hivyo. Ukoo wetu hausamehe, unakumbuka tu kwa adabu.

Na hao wanaomuuguza wape asante yangu. Mimi wakati ule sikuwashukuru, nilikuwa na shughuli ya kuchukia.

Shangazi yako

---

8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nalala nayo chini ya mto. Unaendeleaje? Mimi leo nina nguvu, maana mume wangu amekaa kitini!

Kidole kidogo wamekiondoa. Vinne vimebaki, na kile cha pete kimo. Daktari mpasuaji alisimama kwa saa saba akiunga mishipa myembamba kama nyuzi za buibui, na alipotoka nilitaka kumbusu miguu, akaruka kando kama aliyekanyaga maji ya moto. Kwa hiyo sasa ukoo wetu una watu wawili wa vidole tisa. Mnaweza kuanzisha chama.

Lakini malaika wetu ni muuguzi wa zamu ya mchana. Wanamwita Sista Mkasi, kwa kuwa mkasi haumtoki mfukoni. Mfupi, viatu vyake vinalia kwi kwi, ukivisikia ujue kuna mtu atagombezwa. Ndiye aliyeikata pete siku ya kwanza, kidole kilipokuwa kimevimba kama kiazi, na vile vipande viwili akavitia kwenye kichupa cha vidonge, akabandika plasta juu na kuandika: "Mali ya kitanda cha tisa. Ni ya thamani. Asiguse mtu." Niliposoma nililia. Akaniambia, "Bibi harusi, ukitaka kulia nenda karibu na ndoo, wametoka kupiga deki." Jana alinikuta nimejilaza ubavuni mwa mume wangu. "Kitanda hiki ni cha mtu mmoja na mkono wake. Shuka!"

Kuna na mzee wa mazoezi ya viungo. Alimletea mpira aubinye, mume wangu akawa hana hamu nao. Sista Mkasi akamwambia, "Huyu si mcheza mpira, ni mkandaji." Kesho yake akaja na unga kutoka kwake nyumbani, akaukanda mwenyewe, akampa donge. "Haya, baba, kanda." Chanda wangu alikanda kwa vidole vile vinne, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Ngoja nikupe la mapenzi, maana najua umelikosa. Siku zile za kwanza, akiwa bado na dawa za usingizi, alikuwa akirudia neno moja tu: aproni. Sista akaniambia, "Mumeo anatafuta aproni yake." Moyo uliniyeyuka kama siagi! Nikaipiga pasi, nikamalizia kuutarizi ule moyo mwekundu, nikampelekea. Akaitazama, akanitazama. Akauliza, "Uliichukua lini?" Nikamwambia, "Siku ile ile, mpenzi, ilikuwa iwe zawadi." Akageukia ukutani akalia mpaka kitanda kikatikisika. Shangazi, ni wanaume wangapi wanaolia kwa kufuliwa aproni? Halafu akaniambia, "Pete wangu, usimwambie mtu kwamba uliichukua wewe." Anaona haya, maskini. Wenzake wakiuona ule moyo watamcheka mpaka astaafu.

Na ni mwema kupita kiasi. Msimamizi alikuja kumhoji, akamwambia, "Nilisahau kutundika." Kutundika nini, hakusema. Yaani anajitwika yeye lawama ili yule nyoka apone! Nikajiambia, sawa, wewe samehe, mimi nitachukia kwa niaba yetu sote wawili.

Mke wa Mluzi alikuja nyumbani na chupa ya chai ya mgonjwa. Ana mimba, tumbo limefika mbele yake mlangoni. Nikaipokea, nikaifungua, nikaimwaga chai yote uani mbele ya macho yake mpaka tone la mwisho. Alisubiri nimalize, akaomba chupa yake, akaondoka. Usiku wake nililala vizuri.

Kikao ni tarehe ishirini. Nitavaa gauni la kuposwa.

Mwanao mwenye meno

---

14 Machi

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Kama umesimama, kaa.

Ile aproni uliitungua wapi?

Nimeisoma barua yako ya mwezi uliopita na hii ya sasa, nikaziweka pamoja mezani, nikazitazama mpaka chai ikapoa. Umeandika uliitoa ukutani. Mluzi anasema msumari ulikuwa mtupu. Mumeo anasema alisahau kutundika. Wote watatu mnazungumzia kitu kimoja, ni wewe tu hujui.

Kule kwetu tulitumia kitambaa cha kichwa. Anayeingiza mkono kwenye mashine anavua kitambaa chake, anakitundika juu ya swichi. Kikiwepo pale, hata mwenye kiwanda hagusi. Kisipokuwepo, mtu anawasha na kuendelea na kazi, kwa sababu ukutani hapana kitu maana yake ndani hamna mtu. Ukiwa upande wa swichi humwoni mwenzako, ndiyo maana desturi ikawekwa. Hakuna aliyeiandika popote. Na nyumbani hatuielezi, nani anaeleza mambo ya kitambaa mezani? Mimi nimekulea miaka kumi na miwili na sikukwambia.

"Ile ina kazi yake." Alikwambia, mwanangu. Alikwambia kwa namna aliyoweza.

Usijirarue. Hukujua. Lakini kuanzia mstari huu unajua. Nenda kikaoni ukaseme, au usiende kabisa. Nampa barua hii dereva wa lori la nafaka anayekuja huko, maana posta itachelewa na yule mtu ana mke mwenye mimba.

Shangazi yako

---

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Barua yako ya mwezi huu haijanifikia, labda imepotelea njiani.

Tumeshinda.

Walikuwa watano mezani na jagi la maji. Gauni langu lilinikaa vizuri. Msimamizi alisoma maneno ya mume wangu, kwamba alisahau. Mluzi akasema yale yake ya msumari. Wakawa wanaelekea kumwachia, nikaona wanaanza kukusanya karatasi. Ndipo nikasimama. Sikupaza sauti. Nikasema, "Mimi nilipeleka chakula siku ile, muda mfupi kabla ya ajali. Aproni ya mume wangu ilikuwa imetundikwa. Niliiona kwa macho yangu."

Karatasi zikarudi mezani. Wakaniuliza kama niko tayari kuapa, nikaapa. Kila neno nililosema ni kweli, Shangazi. Hakuna hata moja la uongo.

Nikawaeleza na ule mzaha wa harusini. Mluzi alinitazama tu. Amefukuzwa kazi leo leo, na taarifa inapelekwa polisi. Alipita mlangoni karibu nami, akasema, "Haya, mama." Si shemeji tena, eti mama.

Ulisema nitalala vizuri. Sikumbuki kama ulisema.

Usiniulize zaidi.

Mwanao

---

3 Aprili

Mwanangu,

Dereva amerudi. Nimemuuliza. Anasema alikukabidhi barua yangu mkononi asubuhi ya tarehe ishirini, mlangoni kwako, umevaa gauni zuri. Anasema uliisoma umesimama, ukaikunja, ukamshukuru, ukafunga mlango.

Sikugombezi. Mimi ni nani hata nikugombeze? Kiganja mezani nilikufundisha mimi.

Nitakwambia jambo ambalo hata mjomba wako alikufa hajalisikia. Siku ile nilipokatika kidole, kitambaa changu kilikutwa sakafuni. Sijui kama yule mwanamke alikitoa. Sijui kama kilianguka chenyewe, kilikuwa cha hariri, kinateleza. Sijui hadi leo, na sikutaka kujua. Nilikuwa na hakika kwa sababu nilikuwa na hasira. Alikuwa na watoto wanne. Alihama mji. Kwa miaka ishirini na sita najisifu kwamba sijaitikia salamu yake, na ukweli ni kwamba amenisalimu mara moja tu, siku ile pale getini.

Mimi sina wa kumwendea. Wewe wako anaishi mtaa wa tatu.

Shangazi yako

---

30 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Nauliza kweli. Mimi nimekonda, lakini nakula.

Ni kweli, niliisoma. Niliisoma nimesimama na nikaielewa mara moja, hata kabla ya kufika kwenye kitambaa. Nilipofunga mlango nilijitazama kwenye kioo, nikaona mtu aliyemchukia mwenzake kwa wiki tano usiku na mchana. Ningeipeleka wapi chuki yote ile? Juu yangu isingeenea, ingeniua. Nikaona bora imuue yeye. Nikaenda.

Siku mbili baadaye nilinunua sabuni za kunukia na kadi, nikawapelekea wauguzi kuwashukuru. Nilikuwa nimeandika maneno matamu, unanijua. Sista Mkasi aliisoma kadi mpaka mwisho, kisha akanirudishia.

"Bibi harusi," akasema, "umemshukuru daktari, umenishukuru mimi, umemshukuru mpaka mpiga deki. Wa kwanza mbona hayumo?"

"Wa kwanza yupi?"

"Yule mrefu aliyemleta. Alikuwa ameubana mkono wa mumeo juu ya kiwiko kwa mikono yake miwili, kutoka huko kiwandani mpaka juu ya kitanda changu. Vidole vilikuwa vimemkakamaa, nilivibandua kimoja kimoja mimi mwenyewe. Asingefanya hivyo, daktari angekuwa na nini cha kushona? Saa nzima alikaa kule kwenye benchi. Nilimpa maji akashindwa kushika kikombe. Akaniuliza kitu kimoja tu, kama mumeo ataweza kukanda tena."

Sikujua nizifiche wapi zile sabuni.

Nikaingia wodini. Mume wangu alikuwa anakanda donge lake. Msimamizi alikuwa ameshapita kumpa "habari njema". Hakuinua macho.

"Nilijua tangu uliponiletea aproni imepigwa pasi," akasema. "Nikasema nimesahau. Mimi, mkuu wa chumba, nikajiita mzembe mbele ya wenzangu, ili kusiwe na mwenye kosa. Si wewe, si yeye."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Kwamba ulikuja kunipenda ukanikata mkono?"

Akaendelea kukanda. Baadaye akasema, "Ile ya kwanza ni bahati mbaya, Pete. Hii ya pili uliivalia gauni."

Ndipo viatu vikalia kwi kwi nyuma yangu, na Sista Mkasi akasema muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Saa ya ukutani ilionyesha bado nusu saa.

Nilikaa ndani siku nyingi. Barua yako ya mwisho ilinikuta sijachana nywele. Nilipofika pale kwenye "hariri, kinateleza", niliinuka, nikaenda kiwandani na aproni mkononi. Nikaitandika juu ya meza ya msimamizi, juu ya karatasi zake, moyo mwekundu juu. Nikamwambia, "Ilikuwa imetundikwa, kama nilivyoapa. Aliyeitungua ni mimi." Ni meza ile ile na watu karibu wale wale, lakini safari hii sikuwa na kitu cha kuwahesabisha. Wakanitazama kama mtu aliyekuja na maiti kikapuni. Mmoja akaniuliza kama najua sheria inasemaje kuhusu kiapo. Nikasema wafanye wanavyoona. Hadi leo hawajaniita, nami sijaambiwa kwamba yamekwisha.

Mluzi alirudishwa kazini kesho yake. Mkewe amejifungua mtoto wa kike, wazima wote wawili. Nilipeleka chupa ya chai. Alinifungulia mlango, akaipokea, akaikumbatia kifuani. Nilisubiri aimwage. Alisema, "Nitainywa, kwa sababu nina kiu," akafunga mlango.

Kwa Mluzi mwenyewe nilikwenda siku kumi na moja mfululizo, mlango ule ule wa nyuma, mchana. Nasema, "Nimekuja kukuomba radhi." Yeye anapima unga. Siku ya nne alisema, "Umesimama kwenye mwanga, mama." Siku ya saba alinipa ufagio. Wanasema tangu ajali hajapiga mluzi.

Mume wangu ametoka hospitali. Sista Mkasi alitusindikiza mpaka getini, akampa kile kichupa. Fundi wa vito anasema pete inaungika. Chanda ameiweka dirishani, bado imo chupani, akasema isubiri kwanza. Nimekubali. Ananiita kwa jina langu siku hizi. Lakini juzi, nilipokuwa nampashia maji ya kuuloweka mkono, alisema nanukia sabuni, na sikujua kama ni sifa.

Sasa la jana. Jana ilikuwa siku yake ya kwanza kazini, kazi nyepesi, kuhesabu mikate tu. Nikampelekea chakula, na aproni yake. Mluzi alikuwa anajiandaa kukwangua lile beseni. Alikuwa anavua aproni yake mwenyewe ili aitundike, akaniona. Akasimama. Akaja akaichukua ile ya mume wangu mkononi mwangu, akaikunjua, akautazama ule moyo mwekundu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeonja kitu kichungu. Kisha akaitundika juu ya msumari. Yake akaivaa tena.

"Njoo hapa," akaniambia. "Simama chini ya msumari huu. Usikae, usiegemee, usitazame nje. Akija mtu, akija msimamizi, likija gari la zimamoto, wewe uko hapa. Umenielewa?"

Nikasema, "Nimekuelewa."

"Na ukiona ni chafu?"

"Nitaiacha ilivyo."

Akazunguka upande wa pili, nikaona miguu yake tu. Akaingiza kichwa, mabega, mikono yote miwili, ndani ya mashine ile ile, na swichi iko usawa wa sikio langu.

Shangazi, kazi ile ni ya dakika ishirini, kila mtu pale anajua. Alikwangua kwa saa mbili. Alikwangua kwa makusudi kabisa, polepole, akirudia palipokwisha takata. Miguu iliniuma, kisha ikafa ganzi. Jasho lilinitiririka puani nikashindwa kulifuta, maana niliogopa kuinua mkono karibu na ile swichi. Wenzake walipita, wakatazama, wakaondoka. Mume wangu alikuja na daftari lake la mikate, akasimama mlangoni. Hakunionea huruma wala hakuondoka.

Karibu na mwisho nikausikia. Kwanza nilidhani ni mvuke wa tanuri. Ulikuwa mluzi, mdogo, wa kukwaruza, ukizunguka ndani ya kile chuma kama nyuki ndani ya chupa.

Alipotoka alikuwa mweupe kwa unga mpaka kope. Akajifuta, akanitazama miguu inayotetemeka, akaridhika nayo.

"Sijakusamehe, shemeji," akasema. "Njoo na kesho."

Naacha hapa, Shangazi. Mchana unakaribia na sitaki kuchelewa.

Mwanao